Mgonjwa wa Shingo na Kazi ya Walio Nyumbani

Mwezi huu twaona vema kuwaandikia habari ya ugonjwa ulioingia katika ukoo wetu wenyewe. Hatuandiki kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa kuwa tumefunzwa neno moja linaloipasa kila nyumba kulijua. Mtu akiisha kupasuliwa shingo na kutolewa tezi yenye saratani, watu husema, "Mungu ashukuriwe, mambo yamekwisha." Kumbe mara nyingi hayajaisha. Iko tiba ya pili, nayo ina matengenezo yake, na sehemu kubwa ya matengenezo hayo haifanywi hospitali. Hufanywa jikoni, na chumbani, na uani pa nyumba, na wenye kuyafanya ni mume, na bibi, na watoto, na jirani.

Aliyeugua ni dada yetu, aliyetufuata kwa kuzaliwa. Ana mume na watoto wawili: binti wa miaka saba, na mdogo wa kiume ambaye siku zile alikuwa bado ananyonya. Wanakaa katika milima ya Njombe. Huko tangu zamani watu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingo, kwa sababu udongo na maji ya milimani yana upungufu wa iodini, ambayo siku hizi huitwa madini joto. Basi dada yetu alipoona kijivimbe kigumu chini ya koromeo, alikuja kwetu akatuuliza, "Kaka, hiki ni kitu gani?" Nasi tulikitazama kwa macho tu, tukamjibu, "Ni rovu la ukoo wetu. Bibi alikuwa nalo, na shangazi alikuwa nalo, nao wote wawili walizeeka. Usijisumbue." Ndivyo tulivyosema, sisi tunaohesabiwa kuwa watu wa elimu. Akangoja mwaka mmoja na miezi kadhaa kwa ajili ya neno letu. Jambo hili latuuma hata leo, na ndiyo sababu tumeliandika kabla ya mengine.

Ni kweli kwamba rovu zilizo nyingi si saratani. Walakini saratani ya tezi hii mara nyingi haiumi mwanzoni, na kutouma kwake ndiko kunakowadanganya watu. Uvimbe ulio mgumu, au unaokua, au unaofuatana na sauti kukwaruza bila mafua, au na taabu ya kumeza, au na matezi mengine ya shingo kuvimba, huo haufai kungojwa. Mwenye nao aende akaonwe na tabibu. Tena akina mama wajue kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake karibu mara tatu kuliko wanaume, na huwapata hata walio vijana.

Dada yetu alipopelekwa hospitali ya rufaa, tabibu alichoma kile kijivimbe kwa sindano nyembamba, akatoa chembe kidogo, zikatazamwa kwa darubini. Jibu likaja kwamba ni saratani ya aina iitwayo papilari. Hiyo ndiyo iliyo nyingi kupita aina zote za saratani ya tezi hii, nayo kwa kawaida hukua polepole, na wengi wanaotibiwa mapema huishi miaka mingi. Tabibu akasema kwamba yapasa tezi yote iondolewe. Mama yetu aliposikia akauliza, "Je, mtu aweza kuishi hali ametolewa kiungo kizima cha shingo?" Tabibu akajibu kwamba aweza; na kwa kuwa swali hilo huulizwa na wengi, twataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyojulikana.

Tezi hii, ambayo wenye elimu ya mwili huiita dundumio, yakaa mbele ya koo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Ni ndogo, uzito wake ni kama gramu 20 tu, lakini huuamuru mwili wote: moyo upige kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani, chakula kitumike upesi au polepole. Katika nchi ya Uswisi, ambayo ni nchi ya milima na hapo zamani ilikuwa na rovu nyingi kama kwetu, palikuwa na tabibu mkubwa katika mji wa Bern, jina lake Theodor Kocher. Alikuwa hodari wa kupasua rovu, na wagonjwa wake walipona vidonda vyao. Lakini mwaka 1883 alitangaza jambo la kuhuzunisha. Alipowaita tena wale aliowatoa tezi yote, aliona kwamba wengi wao wamevimba uso, wamekuwa wazito wa mwili na wa akili. Kidonda kilipona, bali mtu alidhoofika, maana alikosa kile ambacho tezi ilikuwa ikikitengeneza. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii.

Mwaka 1891 tabibu George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja, ambaye tezi yake ilikuwa imekufa, maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Yule mama akapata nguvu, akaishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akafaulu kuitenga dawa yenyewe iliyomo katika tezi, nayo ikaitwa thairoksini. Siku hizi hutengenezwa viwandani, na mtu aliyetolewa tezi humeza kidonge kimoja kila siku maisha yake yote. Hicho ndicho kinachoshika mahali pa ile tezi. Asiyekimeza atarudi katika hali ya wagonjwa wa Kocher.

Basi dada yetu akapasuliwa, na Mungu akamvusha salama. Alipozinduka, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayoiendesha sauti yapita nyuma ya tezi papo hapo, na ikiguswa huchoka. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kidonda. Siku ya pili akaona ganzi na kichomi kama cha sindano midomoni na katika ncha za vidole. Akadhani ni baridi, akanyamaza. Muuguzi alipomwuliza ndipo akasema, nao wakampa dawa ya kalsiamu upesi. Sababu ni hii: nyuma ya tezi kubwa kuna tezi nne ndogo sana, kila moja kama punje ya mchele, nazo ndizo zinazotunza kalsiamu katika damu. Zikitikiswa wakati wa kupasua, kalsiamu hupungua. Kwa hiyo kila anayemwuguza mtu aliyepasuliwa namna hii amwulize mara kwa mara juu ya midomo na vidole, wala asingoje mgonjwa aseme mwenyewe. Mikono ikianza kukakamaa, arudishwe hospitali siku ile ile.

Juu ya kidonge cha thairoksini tulifundishwa haya. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha mtu angoje nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Kisimezwe pamoja na maziwa, wala na vidonge vya kalsiamu, wala na vya kuongeza damu, maana hivyo hukizuia kisiingie mwilini. Viachane kwa muda wa saa nne. Shemeji yetu alikiweka kidonge karibu na taa ya kitandani, na kila alfajiri akawa anampa mkewe pamoja na kikombe cha maji kabla hajaenda shamba.

Sasa twaja kwenye tiba ya pili. Si kila aliyepasuliwa huihitaji. Matabibu hupima ukubwa wa uvimbe na kama saratani imefika katika matezi mengine ya shingo. Kwa dada yetu ilikuwa imefika, na hatujui ingekuwaje kama tungalimpeleka mapema. Basi akaandikiwa iodini yenye mionzi. Maana yake ni hivi: chembe za dundumio hupenda iodini kuliko chembe nyingine za mwili, huivuta kama ardhi kavu inavyovuta maji. Matabibu humpa mgonjwa iodini iliyotiwa mionzi katika kidonge au katika kinywaji. Chembe za tezi zilizosalia, hata zile zilizojificha mahali pengine, huivuta, na mionzi huziua kutoka ndani. Katika mji wa Boston, Marekani, mwaka 1941, daktari Saul Hertz aliitumia iodini ya namna hii kwa mgonjwa ambaye tezi yake ilifanya kazi kupita kiasi; na mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York wakatoa habari za mgonjwa wa saratani ya tezi aliyetibiwa kwayo. Kwetu Tanzania tiba hii hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, karibu na bahari, mahali palipofunguliwa hospitali na Wadachi mwaka 1897, nayo ikafanywa taasisi mwaka 1996.

Lakini ili chembe zile ziivute iodini ya dawa, yapasa kwanza ziwe na njaa nayo. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya nyumbani, nayo ilikuwa na mambo manne.

Jambo la kwanza lilikuwa la mtoto. Maziwa ya mama huivuta iodini, kwa hiyo mama anyonyeshaye lazima aache kwa muda usiopungua majuma sita kabla ya dawa, wala hatamnyonyesha tena mtoto yule. Kadhalika mama asiwe mja mzito anapopewa dawa, wala asichukue mimba kwa miezi ile atakayoambiwa na tabibu baadaye. Kijana wetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, anakula uji na viazi, lakini usiku alitaka ziwa. Bibi yake alinung'unika, akasema mtoto ameonewa. Tuliketi naye tukamweleza kwamba mtoto hanyimwi ziwa kwa ukali, bali analindwa. Bibi akanyamaza muda, kisha akasema, "Basi alale kwangu." Tangu usiku ule mtoto hulala kwa bibi yake.

Jambo la pili ni kuacha kile kidonge cha kila siku. Wengine hawakiachi, bali hupewa sindano mbili kwa siku mbili zinazofuatana, ila dawa hiyo ni ya bei kubwa. Dada yetu aliamriwa na tabibu kuacha kwa majuma manne. Wasomaji, msimwache mtu aache kidonge hiki kwa shauri lake mwenyewe! Lakini akiamriwa, jueni yatakayokuja. Juma la tatu dada yetu alijifunika mablanketi mchana, akasikia baridi ingawa moto unawaka. Alisema polepole, akasahau maneno, akalia bila sababu. Shemeji akatujia akasema, "Shemeji, naona amekata tamaa. Hata kuinua ndoo hataki." Tukamjibu kwamba hiyo si tamaa iliyokatika wala si uvivu, ni mwili uliokosa kiongozi wake, na kidonge kikirudi naye atarudi. Wakati huo mgonjwa asipewe kazi nzito, wala asishindaniwe maneno, wala asiachwe peke yake siku nzima.

Jambo la tatu ni chakula. Kwa muda wa juma moja au mawili kabla ya dawa mgonjwa hupunguziwa iodini kwa kadiri tabibu atakavyoagiza. Chumvi ya madini joto hali. Samaki na dagaa wa baharini hali. Maziwa, siagi, kiini cha yai, na mikate ya dukani ambayo hatujui imetiwa chumvi gani, vyote huachwa kwa muda. Dada yetu amekula viazi, ugali, maharage yaliyochemshwa na vitunguu na tangawizi, mboga zilizokamuliwa limau, nyama mbichi kidogo, na matunda. Amepikiwa katika sufuria yake mwenyewe.

Hapa lilizuka jambo ambalo hatukulitazamia. Jirani mmoja aliona sufuria ile isiyotiwa chumvi ya dukani, akaeneza neno kwamba chumvi ya madini joto ndiyo iliyomletea saratani. Kabla ya juma kwisha nyumba tatu zilikuwa zimemwaga chumvi yao na kununua ya mchuuzi, isiyo na madini joto. Katika moja ya nyumba hizo mna mama mja mzito. Tulikwenda nyumba kwa nyumba jioni ile ile. Tukawaambia: dada yetu anaacha chumvi hii kwa siku chache kwa sababu ya dawa yake, kama vile mtu aachavyo kula kabla ya kupasuliwa, je, ninyi nanyi mtafunga kula kwa kuwa jirani anapasuliwa? Mama mja mzito akikosa iodini, mtoto aweza kuzaliwa na akili nzito au masikio yasiyosikia. Tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula katika nchi yetu imeamriwa itiwe madini joto, na rovu za watoto zimepungua sana. Walimu wazee wanakumbuka darasa lilivyokuwa, nasi tunaliona lilivyo sasa. Wawili walisikia mara moja. Wa tatu alisikia tulipomwita dada yetu mwenyewe, akaja polepole amejifunika blanketi, akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, "Mama, mimi nikipona nitairudia chumvi hiyo hiyo." Walimu, msingoje uvumi uzaliwe. Semeni mapema.

Jambo la nne ndilo zito kwa moyo. Mtu akiisha kumeza iodini yenye mionzi, yeye mwenyewe hutoa mionzi kwa muda, hata katika mate, na jasho, na mkojo. Hospitali atakaa chumbani peke yake kwa siku chache, anywe maji mengi, aoge mara nyingi. Wauguzi watasema naye kwa mbali, na ndugu hawataingia. Nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8, na nyingine hutoka kwa mkojo, hata iishe. Akirudi nyumbani atalala peke yake, atakuwa na kikombe na sahani yake, atakaa mbali na watu kadiri ya hatua mbili kubwa, na kwa watoto wadogo na mama wajawazito siku za kujitenga huwa nyingi zaidi. Hesabu ya siku huandikwa na tabibu, nayo ishikwe kama ilivyoandikwa.

Sasa fikirini habari hiyo ikisikiwa na watu wasioelezwa. Watasema mgonjwa ametengwa kwa uchafu au kwa laana, au ana ugonjwa wa kuambukiza. Saratani haiambukizi. Mama huyu hatajitenga kwa kuwa hapendwi. Atajitenga kwa kuwa awapenda watoto wake. Tumelisema hilo mbele ya wazee, na mbele ya akina mama, na mbele ya watoto wa shule, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Nyumbani kwake chumba cha pembeni kimekwisha kupakwa chokaa, na dirisha lake latazama uani. Binti wa miaka saba alipima hatua za baba yake kutoka dirishani, akapanga mawe mstari mmoja. Kila jioni mama hukaa dirishani, na watoto husimama nyuma ya mawe, wamsalimu kwa mbali. Siku ya kwanza yule mdogo aliruka mawe akamkimbilia mama yake, akazuiwa, akalia sana, na mama naye akalia. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu binti akamfundisha ndugu yake kupiga makofi, na mama akajibu kwa makofi kutoka dirishani. Mtoto akacheka, akataka tena. Binti akatuambia, "Mjomba, mama akirudi kutoka Dar es Salaam, huyu hataruka mawe. Amekwisha jua."

Jumatatu ijayo wanaondoka kwa basi la alfajiri, yeye na mumewe. Amefunga nguo za zamani, kwa kuwa ameambiwa aende na chache, na zile asizozihuzunikia zikibaki hospitali. Baada ya dawa atarudia kidonge chake, na picha itapigwa kuona ni wapi iodini ilipokwenda, na damu itapimwa mara kwa mara kwa miaka. Kama mambo yatakwendaje hatuwezi kusema. Twaomba mmkumbuke.

Na sisi tumebadili jibu letu. Juzi baada ya ibada kijana mmoja alitujia akashika shingo yake, akauliza kama tulivyoulizwa zamani. Hatukumtazama kwa macho tu, wala hatukumwambia asijisumbue. Tulimwandikia barua kwa tabibu siku ile ile, tukamsindikiza hata barabarani.